Taya la Kasisi

"Shuka, Verlyn, kabla sijapanda nikakushusha mwenyewe."

"Panda basi. Mti wenyewe mpana, tutaenea."

Renae Fosse alibwaga mfuko wa spana kwenye majani makavu, akaweka mikono kiunoni na kuinua uso. Mita tano juu yake, mzee Verlyn Sletten alikuwa amekaa kwenye dungu lake la chuma la kuwindia lililofungwa kwenye mwaloni, miguu ikining'inia, akibangua mbegu za alizeti na kutema maganda upande wa pili wa mti ili yasimwangukie mtu. Hakuwa na upinde. Alikuwa amepanda pale tangu saa tatu asubuhi kwa sababu moja tu: dungu lenye mtu halifunguliwi.

"Una miaka sabini na minne," Renae alisema. "Huoni haya kugoma juu ya mti kama paka?"

"Paka hushushwa kwa samaki. Umeleta samaki?"

"Nimeleta spana."

"Basi nitakaa."

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, baridi kavu, upepo ukitoka kaskazini-magharibi. Wiki kama hiyo huja mara moja kwa mwaka katika vilima vya magharibi ya Wisconsin. Madume wa kulungu, ambao miezi mingine yote hutembea gizani kama wezi, huanza kuwafuata majike mchana kweupe, na kila mwenye upinde katika bonde la Tollef huomba likizo kazini. Renae alikuwa ameiomba yake tangu Agosti. Saa nane mchana alitaka awe ameshakaa kwenye dungu lake mwenyewe, ng'ambo ya korongo, kwa sababu Alhamisi dume aliyemngoja miaka mitatu alipita pale hatua sitini tu kutoka kwake, mbali kidogo kwa mshale, jua likiwaka. Alimwita Reki, kwa jinsi pembe zake zilivyosimama wima kama meno ya reki. Miaka sita. Hakuna aliyewahi kuona mkubwa kama yule bondeni.

Lakini kwanza alikuwa na kazi hii.

"Umeua mtoto," alisema.

"Nimeua babu."

"Pembe ina ncha nane, Verlyn! Nyembamba kama vidole vya mpiga kinanda. Miaka mitatu. Mitatu na nusu, nikikupendelea."

"Na mimi nilikuwa na nywele nyingi. Ukiona kichwa changu leo utasema nimezaliwa juzi?"

"Usinichekeshe. Nimekuja kazini."

Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, Renae na mumewe Kurt walikinunua kilima hiki kwa Verlyn, alipochoka kukamua ng'ombe. Waliandikiana mambo yote isipokuwa moja, ambalo walipeana mikono tu jikoni: Verlyn ataendelea kuwinda kwenye mwaloni wake mpaka miguu ikatae. Wakati huo hapakuwa na kulungu dume bondeni aliyefikisha miaka mitatu. Pembe zikichomoza tu, mtu anaachia mshale, anapiga picha na mnyama wake, na mwaka unaofuata analalamika kwamba siku hizi hakuna madume wa maana. Renae, mwenye diploma ya mifugo na asiyejua kuzunguka maneno, aliwakusanya wenye mashamba manne akawaambia, "Mnaua darasa la kwanza, halafu mnashangaa chuo kikuu ni kitupu."

Walikubaliana. Aliye chini ya miaka minne anaachwa apite. Kila anayeua dume analeta taya la chini Jumapili baada ya ibada, kwenye banda la matrekta la akina Fosse, na Renae anasoma meno mbele ya wote, kahawa mkononi. Kisha taya linatundikwa kwenye waya pamoja na mengine, limeandikwa mwaka na umri. Na anayekosea umri anashusha dungu lake siku hiyo hiyo, wala hapandi mti wowote katika mashamba yote manne mpaka msimu wa mwaka unaofuata uishe.

Hakumwonea mtu huruma, akianza na wa nyumbani kwake. Mwaka wa tatu Kurt alimtumia binamu yake ujumbe wa simu, "Piga huyo, ni mkubwa." Binamu akapiga, na meno yakasema miaka miwili. Kurt alijitetea kwamba yeye hakuachia mshale. "Macho yako ndiyo yaliyoua," Renae alimjibu, na siku ile yalishuka madungu mawili, la binamu na la mumewe. Kurt alinuna mpaka Krismasi. Lakini miaka michache baadaye madume wenye shingo nene kama mapipa walikuwa wakitembea bondeni, na hakuna aliyekumbuka kununa.

Ndiyo maana leo hakutaka kungoja. Jana jioni, kabla damu ya kulungu wa Verlyn haijakauka, Pete Amundson wa shamba la chini alikuwa ameshatuma ujumbe: Naona mzee karuhusiwa. Nami nina mmoja mdogo mzuri huku, nimpige? Renae alijua maneno kama hayo yanaishia wapi. Huyu ataachiwa kwa sababu ya uzee, yule kwa sababu ya mgongo, wa tatu kwa sababu ni siku yake ya kuzaliwa, na baada ya miaka miwili waya wa bandani utajaa meno ya watoto watupu.

Alitoa kwenye mfuko wa koti picha tatu zilizopigwa na kamera zake za porini, akaziinua juu, kana kwamba mzee angeweza kuziona kutoka kule.

"Kamera ya kisimani, mwaka juzi: kidume kichanga, kila upande kijiti kimoja, sikio la kushoto limechanika. Mwaka jana: ncha sita, sikio lile lile. Septemba hii: ncha nane, sikio lile lile. Wako ana sikio lililochanika au hana?"

"Analo."

"La kushoto?"

"La kushoto."

"Niliwaambia nyote au sikuwaambia? Mwenye sikio lililochanika aachwe, atakuwa wa maana mwaka kesho kutwa."

"Ulituambia. Mara tatu. Na mara moja kwenye karatasi."

"Basi tunabishana nini?"

"Tunabishana kwamba huyu niliyempiga ni Kasisi."

Renae alicheka kwa pua. Kasisi lilikuwa jina ambalo Ardis, mke wa Verlyn, alimpa dume mmoja mkubwa wa miaka ya nyuma, mwenye mistari miwili myeupe kooni iliyokaa kama kola ya mtumishi wa kanisa. Picha yake ya mwisho ilipigwa miaka minne iliyopita.

"Kasisi alikufa."

"Ulimzika wewe?"

"Hajaonekana miaka minne. Nina kamera kumi na moja, Verlyn. Kumi na moja!"

"Na mimi miaka minne sijapigwa picha, na bado nakula."

"Kwa nini hukusema hivyo jana?"

"Nilisema. Ulikuwa unasoma simu."

Hilo lilikuwa kweli, nalo likamwudhi zaidi. Jana alipitia kwa akina Sletten akitoka maabara ya maziwa anakofanya kazi, viatu vya kazini bado miguuni. Mnyama alikuwa ameshachunwa, nyama ipo kwenye friji, kimebaki kichwa kwenye ndoo mlangoni. Aliziangalia pembe. Aliliangalia sikio. Kisha simu ikalia, ikawa ni Pete.

"Ungemwacha nimwone mzima," alisema. "Ningeona tumbo, ningeona mgongo, ningejua kwa dakika moja."

"Jana kulikuwa na joto la kuvaa shati. Nikungoje mpaka utoke kazini, nyama inuke? Nimempiga kwa hatua kumi na nane, mshale umepita mbavu hadi mbavu, hakukimbia hata urefu wa uwanja wa kanisa. Mnyama aliyekufa vizuri hivyo hanukishwi kwa sababu ya kikao."

Renae aliinama kwenye mfuko wake. Alichagua spana ya kumi na saba, akaipima kwenye nati ya kwanza ya ngazi. Ilikaa sawasawa. Alipoigeuza kidogo chuma kizima kilitoa mlio hadi juu, na Verlyn akaacha kutafuna.

"Renae." Safari hii hapakuwa na mzaha. "Ukinishusha leo, sipandi tena. Unalijua hilo."

Alilijua. Alikuwa amemwona Septemba akipanda: mguu mzima kwanza, halafu ule wa goti bovu unaletwa kando yake, kama mtoto anayejifunza ngazi. Vipago kumi na vinne, na kwenye kila kipago anasimama kupumua na kujifanya anasikiliza ndege.

"Goti hili linapanda kwa sababu lilipanda wiki iliyopita," mzee alisema. "Likipumzika mpaka mwaka kesho kutwa, litakuwa limesahau. Baba alinikalisha hapa juu nikiwa na miaka tisa. Hapakuwa na chuma, ni mbao mbili tu na misumari, na alinifunga kiunoni kwa kamba ya ndama nisianguke. Sijaukosa msimu hata mmoja tangu hapo, ila ule niliokuwa jeshini. Sasa nimesema. Sitasema mara ya pili."

Upepo ulipita, majani yaliyobaki kwenye mwaloni yakatikisika. Renae alilikaza jicho lake kwenye ile nati.

"Najua," alisema. "Na bado unashuka. Nikikuachia wewe, kesho simwachii Pete kwa lipi?"

"Pete ni mjinga."

"Mjinga mwenye upinde. Shuka."

Kabla mzee hajajibu, gari dogo la shambani lilinguruma likipanda njia ya ng'ombe, likasimama kando yao na kuzimika kwa kikohozi. Ardis aliteremka. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa koti la mumewe, mikono ya koti imekunjwa mara tatu, na nyuma ya gari kulikuwa na ndoo mbili zimefunikwa kwa mataulo.

"Mmemaliza," aliuliza, "au nirudi baada ya chakula?"

"Ardis, mwambie mumeo ashuke."

"Nimemwambia mambo mengi kwa miaka hamsini. Akisikia moja nitakupigia simu." Aliichukua ndoo ndogo, akaiweka juu ya boneti. "Mwanangu, nilikufundisha shule ya Jumapili. Ulikuwa hivi hivi. Mkono juu kabla swali halijaisha."

"Na majibu yalikuwa sahihi."

"Mengi yalikuwa sahihi. Hebu niambie, taya la Verlyn linasomwa lini?"

"Kesho, kama kawaida."

"Na dungu lake linashuka lini?"

"Leo."

"Kwa hiyo hukumu Jumamosi, ushahidi Jumapili."

Kutoka juu mtu alicheka, kisha akajifanya kakohoa.

"Wiki hii madume wanatembea mchana," Renae alisema, na alijisikia mwenyewe sauti ikipanda. "Kila siku dungu likiachwa juu, mtu anakaa ndani yake. Mfano wenyewe huo hapo. Na nimeziona pembe, Ardis. Nimeliona sikio. Kesho ni ya kuandika tu."

"Kama ni ya kuandika tu, andika leo." Ardis alivuta taulo. "Nimelichemsha na magadi tangu jana jioni. Sufuria yangu ya viazi imepata harufu ambayo haitatoka mpaka nife, na chapati za viazi za Krismasi mtazila hivyo hivyo. Lisome."

Ndani ya ndoo, juu ya gazeti, lilikuwapo taya la kulungu, limepasuliwa katikati, safi na jeupe.

Renae alitoa miwani kwa mkono uleule ulioshika spana. Aliudhika na hakuficha. Alikuwa na saa mbili tu kabla ya kukaa kwake juu, na alikuwa hajala. Alilichukua taya la kushoto kama mtu anayeokota risiti.

Meno ya kulungu mchanga yana matuta makali, meupe, yanayokwaruza kidole, na katikati ya matuta kuna mstari mwembamba wa kahawia. Kila mwaka wa kutafuna mahindi na matawi matuta hulika, na ile kahawia hupanuka. Renae alikuwa amesoma mataya sabini na matatu bandani kwake. Hakuhitaji hata kuangalia sana. Alipitisha kidole gumba juu ya magego akingoja kukwaruzwa.

Kidole kilipita kama kinavyopita juu ya kijiko.

Akakirudisha. Kikapita tena. Aliligeuza taya kwenye mwanga. Magego yalikuwa bapa, ya kahawia tupu kutoka ukingo hadi ukingo, yamelika karibu na usawa wa mfupa. Gego la kwanza lilikuwa limebonyea katikati kama sahani. Mbele yake palikuwa na nafasi ambapo jino lilitoka zamani, na mfupa umejifunga juu ya shimo lake, laini, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

Aliokota upande wa kulia. Ulikuwa hivyo hivyo, na mbaya zaidi.

"Ardis," alisema polepole, "hili ni taya lake? La huyu huyu?"

Ardis alinyooka, urefu wake wote ukamfika Renae begani. "Unauliza kama nimebadilisha mataya jikoni kwangu?"

"Nauliza."

"Kichwa kiko kwenye ndoo ile pale. Kiulize chenyewe."

Mwanamke mwingine angeishia hapo kwa aibu. Renae aliliendea gari, akaifunua ndoo kubwa, akashika pembe na kukiinua kichwa chote. Alikipandisha mdomo akaangalia meno ya juu. Bapa. Aliweka taya mahali pake, likaingia kwenye kiungo kwa mlio mdogo, gego juu ya gego, kila bonde la chini limepata kilima chake cha juu. Hakuna taya la kuazima linalokaa hivyo.

Kisha akaliangalia sikio, safari hii kwa kuliangalia kweli. Alizitoa zile picha. Kwenye picha mpasuko ulikuwa karibu na ncha, mdogo kama wa mkasi. Huu ulikuwa chini kabisa, karibu na kichwa, mrefu, kingo zake zimekomaa na kuota manyoya meupe. Wawili. Kulikuwa na kulungu wawili wenye sikio la kushoto lililochanika, na yeye, mwenye kamera kumi na moja na faili lenye rangi kwa kila mwaka, alimwona mmoja tu. Alikigeuza kichwa. Kwenye ngozi ya shingo iliyobaki kulikuwa na mistari miwili myeupe.

Pembe hupungua uzeeni. Yeye ndiye aliyewafundisha hilo, mwaka wa kwanza, amesimama kwenye kreti ya maziwa: msiangalie pembe, pembe ni kofia tu, angalieni mwili, na mkishamwangusha angalieni meno.

"Tisa," alisema. Alipitisha kidole mara ya mwisho. "Huenda kumi. Sijawahi kushika taya zee hivi."

"Alikuwa anazungukia nyuma ya kamera zako," Verlyn alisema kutoka juu, bila kujivuna, kama anaeleza njia ya kwenda dukani. "Ile ya kisimani anaifikia, anasimama, anaiangalia, halafu anapita kwenye miiba. Nimemwona mara nne mwaka huu. Mguu wa nyuma wa kulia anauvuta kidogo. Nikasema huyu mwenzangu. Asingeuvuka msimu wa baridi na meno hayo."

"Ungeniambia kwamba unamwona."

"Ungeniuliza picha iko wapi."

Angemwuliza. Alikirudisha kichwa ndoani, akakifunika vizuri kwa taulo, akajifuta mikono kwenye suruali. Halafu akairudisha spana kwenye nati ya Verlyn, na kabla ya kuiondoa akaikaza robo mzunguko ile nati aliyokuwa ameilegeza.

"Taya lako nitalitundika leo," alisema. "Nitaandika Kasisi, tisa na zaidi. Kaa juu ukitaka, shuka ukitaka. Dungu hili haliguswi na mtu."

"Hilo ndilo samahani?" Ardis aliuliza.

"Hilo ni taarifa. Samahani hii hapa: nilikosea, Verlyn. Niliangalia kofia. Nisamehe."

"Imepita," mzee alisema. "Njoo kesho ule soseji zake, kama una meno ya kuzitafuna."

Renae alikuwa ameshaubeba mfuko wa spana begani na kuanza kuteremka korongoni.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Kushusha dungu."

"La nani?"

"Nani amekosea umri leo?"

Ardis aliangalia juu kwa mumewe, mumewe akaangalia chini kwake. Kisha Verlyn akaanza kufungua mkanda wa usalama kifuani kwa haraka kuliko goti lake lilivyopenda.

"Acha upuuzi, binti! Hukuua mnyama yeyote!"

"Kurt naye hakuua," Renae alijibu bila kugeuka.

Aliuvuka mkondo wa maji kwenye mawe mawili na kupanda ng'ambo. Mwendo wa dakika nne. Hakuwaza mengi. Aliwaza kwamba Pete atacheka, na kwamba baada ya kucheka hatauliza tena kama anaweza kupiga mdogo mzuri. Aliwaza kwamba kesho bandani atasimama mwenyewe na kuwasimulia yote, sikio la ncha na sikio la chini, na watu wataendelea kumletea mataya, kwa sababu msomaji wa meno asiyelipa makosa yake hana tofauti na mtu anayebahatisha. Hayo yalitosha. Mengine yalikuwa ni kuuma, na kuuma hakuzuii mikono kufanya kazi.

Chini ya mti wake, hatua tatu kutoka kwenye ngazi, udongo ulikuwa umeparuzwa upya, mweusi, upana wa beseni, na tawi lililoning'inia juu yake limetafunwa na bado lina unyevu. Harufu ya mkojo wa dume ilikuwa kali ya kuumiza pua. Alama ya ukwato iliyobaki katikati ya tope ilikuwa ndefu kuliko kiganja chake. Reki alikuwa amesimama hapa asubuhi ileile, wakati yeye anapigia kelele mzee mtini. Angerudi saa kumi, upepo ukiwa hivi. Angesimama pale pale.

Renae aliiangalia alama hiyo kwa muda wa pumzi moja, kisha akapanda, akajifunga mkanda wa usalama kwenye shina, na kufungua mkanda wa kwanza wa kukazia.

Alikuwa amefika mkanda wa pili aliposikia watu chini. Verlyn alikuwa ameshuka kutoka mwaloni wake kwa hiari, na kuvuka maji, na sasa alikuwa ameegemea ngazi akihema, Ardis amemshika kiwiko. Mzee aliliona lile paruzo. Aliliangalia, akapiga mluzi mdogo.

"Umeliona hili?"

"Nimeliona."

"Mbichi."

"Verlyn, nimeliona."

"Mimi nimekwisha tumia kibali changu cha dume mmoja cha mwaka huu. Lakini Kurt bado ana chake. Atakaa kwenye mti wake hapo kwenye ua wa shamba, atampiga kabla ya Jumatano."

"Basi nitamla. Shika kamba hiyo."

Alimtupia ncha ya kamba aliyoipitisha juu ya tawi na kuifunga kwenye dungu. Ilimwangukia begani, akaikamata.

"Mwaka kesho kutwa," Verlyn alisema, akiizungusha kamba kwenye shina dogo ili ibebe uzito, "Reki akibaki hai atakuwa na miaka minane. Pembe zitakuwa zimeanza kupungua."

"Ndiyo."

"Huenda usimtambue."

"Sasa sitaangalia kofia," Renae alisema. "Ardis, sogea huko, chuma kinakuja. Verlyn, vuta."

Alifungua nati ya mwisho, akalisukuma dungu kwa mguu, nalo likaachia mti, likaning'inia kwenye kamba, likaanza kushuka.